Mguu Ndani ya Gari Jekundu

Gari lile nililikagua kuanzia taa hadi bomba la moshi bila kutia hata kidole cha mguu ndani. Fundi wa Changamwe alinifungulia mlango mara tatu, akapangusa kiti kwa kitambaa, akaniambia, "Mama, ingia ujaribu. Gari huwezi kuijua mpaka uikalie." Nikamwambia hili nalijua. Akacheka, akadhani mimi ni mama wa Likoni anayeogopa magari. Sikumwambia kwamba juu ya kiti kile zilikuwa zimekaa talaka zangu tatu, zinaningoja, na kwamba sikutaka kuzichukulia gereji mbele ya vijana wenye grisi wasionijua mimi wala kumjua mume wangu.

Wajukuu zangu huwaambia wenzao kwamba bibi yao alinunua gari la spoti. Kweli nilinunua. Lakini nilichokuwa nakinunua ni kisasi, nacho kilikuwa kimekwisha tumiwa na wengine, kimeliwa na kutu, na jicho moja halifunguki.

Miaka ya themanini mume wangu alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Mimi nilikuwa nikipika mahamri na mbaazi za nazi hapa Timbwani, Likoni, ukumbini kwa mavyaa wangu, yaani mama yake mume. Watu wanaoteremka asubuhi kwenda kuvuka feri walinunua kwangu. Watoto wanne walisomeshwa na mahamri yale. Pesa za bandarini sikuziona rangi yake, zilikuwa za suti na manukato. Halafu siku moja zikawa gari.

Lilikuja mchana, jekundu, milango miwili, fupi kama limechuchumaa. Taa zake zilikuwa zimelala ndani ya boneti. Akibonyeza kidude zinainuka na kufumbua kama macho ya chura. Watoto wa mtaa walipiga mayowe. Mimi nilikuwa nakanda unga, nikatoka vile vile na mikono yangu, nikafungua mlango, nikaketi. Wallahi nilifurahi. Nilidhani ni letu. Nikaegemeza mkono kitini nijiweke sawa, na kiti kilikuwa cha kitambaa cheupe kama tui, na mkono wangu ulikuwa na samli.

Alipoliona doa lile, vidole vitano wazi wazi, alinivuta kwa mkono mpaka leso yangu ya kichwani ikaanguka barabarani. Kichwa wazi, mbele ya watu. Mavyaa alikuwa ukumbini anachagua mbaazi. Ng'ambo ya njia wazee wawili walikuwa wakicheza bao, wakaacha kete mikononi. Mume wangu akainua ufunguo, akalielekezea gari, akasema kwa sauti ya kuuza samaki:

"Wallahi, wabillahi, watallahi! Siku utakayotia mguu tena ndani ya gari hili, talaka zako tatu!"

Asiyekuwa mtu wa pwani huenda akacheka. Kwetu kiapo kama kile hakichekwi. Mwanamume akishakitamka, kimening'inia, hata yeye mwenyewe hana ngazi ya kukishusha. Siku jambo lenyewe likitokea, ndoa imekwisha, na kwa kuwa alisema tatu, hakuna kurejeana. Wanaume wenye akili, wakitaka kuapa hivyo, huapia mambo yasiyoweza kutokea. Wangu aliapia gari lililoegeshwa mlangoni pangu.

Basi nikaanza kuliogopa kama nyoka. Nilikuwa na watoto wadogo, sikutaka kuachwa. Nikipita ubavuni mwake nilikusanya buibui langu lisiguse. Mwanangu wa mwisho alipotupa kandambili ndani kupitia dirishani, niliitoa kwa mpini wa ufagio, mguu mmoja huku, mmoja kule, jasho linanitoka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni anatazama. Anatabasamu. Akanywa chai yake.

Haukupita mwaka akaoa mke wa pili Kisauni. Sikumzuia, sheria inamruhusu. Lakini alimweka kwenye kiti kile. Nikawa nikivuka feri kwenda Kongowea kununua nazi, nimebanana na watu wa miguu, kapu kichwani, wao wanateleza kwenye njia ya magari, kioo kimeshushwa. Siku moja mke mwenzangu alitoa mkono akanipungia. Alikuwa amejitanda leso mpya, na jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa pindoni, limemkaa kifuani. Wakati ule nilikuwa nimeanza ngumbaru, darasa la watu wazima, nikasoma herufi moja moja: WA MBELE KAKETI, WA NYUMA ATEMBEE. Nilipomaliza kusoma walikuwa wamekwisha shuka feri.

Nikaenda sokoni, nikaitafuta leso ile, nikainunua. Nikaiweka chini kabisa ya sanduku.

Mume naye akahamia Kisauni mzima mzima. Miaka sita hakuleta hata kibaba cha mchele. Hakuniacha wala hakunirudia. Nikimtumia mtu kumwambia anipe talaka yangu, jibu ni lile lile: "Arudishe kwanza mkufu na vikuku vya mahari." Watoto wanne nimemzalia, mama yake namwogesha mimi, namkata kucha mimi, na mkufu nirudishe! Nikakataa. Naye akakataa. Nikawa kama nguo iliyosahauliwa kambani, jua langu, mvua yangu.

Katika miaka hiyo baba yangu akafariki, kwetu Vanga. Ndugu zangu wakatuma mtu kunichukua. Kabla sijafunga mzigo, ukafika ujumbe kutoka Kisauni: "Sijampa ruhusa ya kusafiri. Akitoka, radhi yangu hana." Mtu aliyeleta ujumbe alikuwa ameinamisha macho kwa haya. Nilikuwa mjinga. Nililelewa kutii. Nikakaa. Nikamlilia baba mbele ya karai la mahamri nikiusingizia moshi, na wateja wakala mahamri yao. Walimzika bila mimi. Mengine yote ningeyasamehe, hata leso yangu barabarani. Hilo sikulisamehe, na ninavyoandika sasa, mvi zimenijaa, bado sijalisamehe.

Mungu hana haraka. Miaka ya tisini ilipoanza, kazi ya bandarini ikamwisha. Sijui aliiba au aliibiwa, na sikuuliza. Habari nilizipata Kongowea kwa mwuza nazi, ambaye alikuwa jirani yake.

"Mumeo kauza lile jekundu," aliniambia huku akinihesabia nazi. "Injini ilikufa. Kaliuza kwa gereji moja Changamwe, akarudi nyumbani kwa miguu analia kama aliyezika mwana. Anaapa atalikomboa."

"Ameapa tena?" nikasema.

Nilirudi Likoni na kapu nusu. Nazi nyingine nilizisahau pale pale chini.

Siku ya pili nilikwenda kwa shehe wetu, mzee aliyewasomesha wanangu Kurani chuoni. Nikakaa chini mbele yake, kwa heshima, nikamweleza kiapo mwanzo mpaka mwisho.

"Shehe, na ikiwa gari si lake tena?"

"Alilionyesha?"

"Kwa ufunguo. Mavyaa alikuwapo, na wazee wawili wa bao."

Akafikiri, akavuta ndevu. "Kiapo kiko juu ya gari lile alilolionyesha. Hakiko juu ya mfuko wake. Lakini mwanangu, talaka ni halali inayochukiza. Mtu huikimbia, haifuati."

"Na kumning'iniza mwanamke miaka sita, shehe, kunapendeza?"

Kisha akasema, "Lifanyike mbele ya watu. Usije ukasema hivi naye akasema vile."

Ndiyo maana nilikwenda Changamwe na ndiyo maana sikukaa kitini. Ningeweza kuchomeka mguu pale gereji nikaondoka bure, nikaachika bila kulipa hata senti ya gari. Lakini nani angenishuhudia? Na yeye angekuwa Kisauni anakunywa chai. Nilitaka aione chai yake inavyomwagika. Tena nilitaka gari lenyewe liwe langu, asilikomboe maisha yake.

Nililikuta nyuma ya gereji kati ya malori, limefunikwa turubai. Fundi, mtu wa bara, maneno yake ya mbio, akaanza kulisifu.

"Mama, hii gari ni moto! Ni ya mbio. Ikipita Magongo watu wanainama."

"Wainame kwa moshi?" nikamwuliza.

Mimi magari sikusomea, lakini nimenunua nazi maisha yangu yote. Nazi nzima ukiigonga inajibu, mbovu inanyamaza. Nikakunja kidole, nikaligonga gari kuanzia mbele. Boneti likajibu. Mlango ukajibu juu, chini ukanyamaza. Juu ya tairi la nyuma kimya kabisa, kama kaburi.

"Hapa mmepaka uji," nikamwambia.

"Hapana, mama, hiyo ni bati yake."

Nikachukua bisibisi yake mwenyewe, nikakwangua. Rangi ikabanduka, nyuma yake kitu cheupe kilichokauka, na nyuma yake kutu, kahawia, inamwagika kama ugoro. Chumvi ya bahari haibembelezi mtu. Fundi akajikuna shingo, akapunguza bei.

Nikamwambia afungue mfuniko wa rediyeta. Nikatia kidole, nikakisugua kwa gumba. Mafuta yalikuwa yakielea juu ya maji. Karai limenifundisha mafuta na maji, najua yakikutana mahali pasipostahili. "Kuna kitu kimepasuka huko ndani," nikasema. Wale vijana wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Gasketi." Fundi akamkemea kwa macho, akapunguza tena, akakubali na kutengeneza kwa bei hiyo hiyo.

Akawasha taa. Jicho la kushoto likafumbuka, la kulia likagoma.

"Mama, ulisomea wapi ufundi?"

"Jikoni."

Nikainama dirishani nitazame ndani, mikono nimeifunga mgongoni nisijisahau. Usukani umechubuka. Kiti cheupe kimekuwa rangi ya chai. Na pale kwenye kiti cha abiria, doa langu. Vidole vitano. Miaka yote ile, mke mwenzangu pamoja na manukato yake alikuwa akikalia mkono wangu.

"Nalitaka," nikasema.

Pesa zangu za mahamri zisingenunua hata tairi zake. Nilikuwa na zamu yangu ya mchezo, ule tunaochanga wanawake wa mtaa, nayo ikatoa nusu. Nusu ya pili niliitoa chini ya sanduku. Nikauchukua mkufu na vikuku, dhahabu ile ile ya mahari, nikaipeleka kwa sonara mjini. Aliponiuliza kama nina hakika, nilicheka mpaka akadhani nina wazimu. Mume wangu alikuwa akidai dhahabu yake irudi. Basi ikarudi, ikanunua gari lake.

Nilipomlipa fundi akanipa neno ambalo sikulitarajia.

"Mama, kuna kitu kimoja. Logibuku, ile hati ya gari, bado iko na jina ya yule mzee wa Kisauni. Hakubadilisha. Lazima atie sahihi ndio iwe yako."

Nikamwomba Mungu msamaha kwa yote niliyowahi kulalamika. Mimi nilikuwa nikiwaza nitamfikishaje Likoni, kumbe serikali imeniandikia barua ya mwaliko.

"Mwite," nikamwambia fundi. "Mwambie mnunuzi ni mtu wa Timbwani, mambo yake mengi, hawezi kuvuka. Ijumaa baada ya swala, mkahawani mbele ya msikiti. Aje atie sahihi, atapewa kifuta jasho. Jina la mnunuzi usimtajie."

"Kwani mnajuana?"

"Kidogo."

Ijumaa ile fundi aliliendesha gari mpaka feri, nami nikatembea. Alinisihi nipande, nikakataa. Nilisimama ndani ya feri na watu wa miguu, gari langu jekundu liko hatua mbili kutoka kwangu, fundi nyuma ya usukani anatikisa kichwa. Wa mbele kaketi, wa nyuma atembee. Nilikuwa nimeivaa leso ile. Nilitembea kwa raha ambayo wenye magari hawaijui.

Tuliliweka gari mbele ya mkahawa. Nikaenda nyumbani kumchukua mavyaa. Sikutaka kumdanganya mtu mzima, nikamwambia, "Mama, leo nataka kukiangua kile kiapo. Mwanao atakuwapo. Ukiona vigumu, baki nyumbani."

Yeye ndiye aliyekuwa ushahidi wangu. Mzee mmoja wa bao alikuwa amekwisha fariki, na wa pili masikio yamekufa. Mavyaa akitikisa kichwa tu, akisema hakumbuki, ningebaki kambani mpaka nife, tena sina mkufu.

Akatafuta bakora yake, akavaa viatu, kimoja mguu usio wake. Nikainama nikambadilishia. Tukaenda hatua ya konokono, nami sijui atasema nini.

Mume wangu alikuja na suti. Ilikuwa imemlegea mabegani. Mimi na mavyaa tulikuwa tumekaa kibarazani kwa jirani wa mkahawa, nimejifunika uso. Nilimwona anavyolizunguka gari, anavyolipapasa boneti. Mimi hakunipapasa hivyo hata siku ya harusi. Fundi akamfunulia karatasi juu ya meza, sehemu ya mnunuzi iko tupu.

"Mnunuzi nani?" akauliza.

"Anakuja, mzee. Weka yako kwanza."

"Mwambie alitunze. Nitarudi kulinunua, inshallah." Akatia sahihi, mbwembwe nyingi kama hati ya sultani, akapokea kifuta jasho chake.

Watu walikuwa wakitoka msikitini, shehe katikati yao. Nikafunua uso, nikavuka njia, nikashika kalamu. Nikaandika jina langu. Herufi zilipandana kama mbuzi zizini, lakini zilikuwa zangu.

"Shikamoo, bwana," nikasema.

Alinitazama, akaitazama karatasi. Halafu akaangua kicheko, akawageukia watu. "Jamani! Mwuza mahamri na gari la spoti! Utaliendesha kwa mwiko, au utalitia ndani ya karai?"

Wengine wakacheka. Wacheke. Nikavua ndala zangu nikaziweka pembeni, kama mtu anayeingia mahali pa heshima. Nikafungua mlango wa abiria.

Hapo akakumbuka. Nilikiona kiapo kikimpanda usoni, kutoka shingoni mpaka kwenye paji. Kicheko kikakatika.

"Subiri! We mwanamke, subiri!"

"Nimesubiri miaka sita."

"Nimekifuta! Mnasikia? Nakifuta mbele yenu!"

Shehe akasema polepole, "Bwana, hicho hakina kifutio. Ila kama hukukisema."

"Sikukisema!" Akadandia neno hilo kama anayezama. "Nani kanisikia? Nani?"

Mguu wangu ulikuwa hewani, naapa, hewani, na nikahisi baridi ya Vanga, udongo wa kaburi la baba nisiyemzika. Kisha nikasikia bakora ikigonga lami.

"Mimi nalisikia," akasema mavyaa. "Kwa masikio yangu haya. Na nalimwona kwa mato yangu ukimvuta kichwa wazi kama mwizi. Nalikuzaa mimi, na mwenye kuniogesha ni huyu. Mwache apande."

Nikatia mguu wa kulia. Nikatia wa kushoto. Nikaketi, nikaweka mkono wangu juu ya doa langu, vidole juu ya vidole. Ulikuwa umenenepa kidogo, mkono, lakini ulienea. Nikafunga mlango. Wanawake waliokuwa madirishani wakapiga vigelegele mpaka kunguru wakaruka.

Yeye alibaki amesimama, kifuta jasho mkononi. Nikashusha kioo, nikampungia.

Nilikaa eda yangu kama inavyotakiwa, mavyaa akiwa nami, maana alikataa kuhamia Kisauni. Siku ya kwanza ya kutoka nilikwenda Vanga, nikakaa kwenye kaburi la baba mpaka jua likageuka. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Gari halikwenda mbali. Kutu ililishika miguu, nami dereva sikuwa. Niliwafungulia kuku wangu milango, wakataga kwenye viti vya mbele, mayai mazuri sana. Nililiegesha makusudi kando ya njia, kwa sababu yeye alikuwa akija kumwamkia mama yake kila Ijumaa, na hakuna njia nyingine ya kufika mlangoni. Kila Ijumaa alipita ubavuni mwake, suti ameikusanya, asipakwe mavi ya kuku.

Mwaka wa tatu akavunjika. Alisimama mbele ya ukumbi, kofia mkononi, mimi nachoma mahamri.

"Niuzie," akasema. "Hata kwa mafungu. Bodi tu. Nalipenda."

"Siuzi."

"Basi niruhusu nikae ndani. Kidogo tu."

Nikaligeuza hamri, likavimba vizuri. "Kaa," nikamwambia. "Fukuza kuku, ukae utakavyo. Mimi sikukuapia."